Saa Mbili ya Nani? Somo la Kuuagiza Mtambo Kazi za Kila Siku

Aghalabu ukurasa huu wa somo huwa wa sarufi au fasihi. Mwaka huu mhariri ameniachia nichague mwenyewe, nami nimechagua jambo ambalo wengi wenu mtadhani ni la chumba cha kompyuta, wala halihusiani na chama cha Kiswahili. Subirini kidogo. Mtaona kwamba ni letu kabisa. Mimi mlezi wenu nimelijua kwa kulilipia, au niseme ukweli, mamangu ndiye aliyelilipia.

Mama anaishi kijijini karibu na Wundanyi, nami kazi imeniweka mbali naye. Umri wake umepita miaka 70, na kwa muda mrefu amekuwa akitumia dawa ya shinikizo la damu, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Cha usiku alikuwa akikisahau. Likizo ya Aprili nilimnunulia simu ya kisasa nikamtilia ndani yake programu ya msaidizi wa akili unde, yaani ile mitambo unayoiandikia jambo nayo ikakujibu kama mtu. (Akili unde ndilo jina nililolizoea. Wengine husema akili bandia, na ndugu zetu wengi wa Tanzania husema akili mnemba. Leo hatutagombania jina. Hiyo ni mada ya mjadala, tena mjadala wenye kelele.) Nilikuwa nimesikia kwamba siku hizi mitambo hii haijibu maswali tu, bali unaweza kuipa kazi ya kurudiwa kwa wakati maalumu, ikaifanya yenyewe bila kuulizwa tena. Basi nikaketi kibarazani, nikaandika kwa Kiswahili changu cha mbwembwe za kialimu:

"Kila siku saa mbili asubuhi na saa mbili usiku mkumbushe mama anywe dawa ya presha."

Mtambo ukajibu kwa adabu nyingi kwamba umenielewa na kazi imepangwa. Sikutazama zaidi. Nikapanda matatu nikarudi kazini, moyo wangu baridi kabisa.

Baada ya wiki moja hivi nilimpigia simu kumjulia hali.

"Mimi mzima, mwanangu," akasema, "ila hii simu yako haina usingizi. Inaniamsha saa nane za usiku kila siku kuniambia ninywe dawa."

"Nawe huinywa, mama?"

"Si wewe uliyeiweka? Nikadhani daktari amekwambia."

Lo! Saa nane za usiku! Kumbe saa mbili ya asubuhi mtambo uliielewa vizuri ukaandika 8:00, lakini saa mbili ya usiku ukaichukua ilivyo, mbili ni mbili, ukaandika 2:00. Fanya hesabu uone. Kutoka 2:00 hadi 8:00 ni saa sita tu, halafu mwili ukae saa 18 bila dawa. Mama alikuwa akisikia kizunguzungu kila asubuhi, akawa anaulaumu umri wake. Tulimpeleka zahanati akapimwa, na twashukuru kwamba hakukuwa na baya. Lakini usiku ule mimi sikulala, na hapakuwa na simu ya kuniamsha.

Mtauliza, nani alikosea? Nimelifikiria sana jambo hili. Chini ya lile jibu la adabu kulikuwa na mstari mdogo wenye tarakimu, 8:00 na 2:00. Ulikuwa pale tangu siku ya kwanza. Mwalimu wa Kiswahili hakuusoma.

Mkalimani aliyekaa kati yako na saa

Ili tuelewe kosa lilipoingilia, hebu tuutazame mtambo wenyewe. Kuiambia kompyuta ifanye kazi kwa ratiba si jambo la jana wala juzi. Huko Marekani, katika maabara za Bell Labs, jimbo la New Jersey, kulianzwa mwaka 1969 mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Unix, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie. Toleo lake la saba, la mwaka 1979, lilikuwa na programu ndogo iitwayo kroni, jina lililotoholewa kutokana na neno la Kigiriki la wakati. Kroni haina maneno. Ina nafasi tano tu, na kila nafasi ina maana yake: dakika, saa, tarehe, mwezi, na siku ya wiki. Pasipo na sharti unatia nyota. Basi ukiandika

30 5 * * 1-5

umesema: dakika ya 30, saa 5 kwa hesabu ya tangu usiku wa manane, tarehe yoyote, mwezi wowote, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni kengele ya bweni hiyo! Saa kumi na moja na nusu alfajiri, siku za masomo. Nami hupenda kuwaambia wanafunzi kwamba ile nyota ya kroni ndiyo "kila" ya Kiswahili. Nyota katika nafasi ya mwezi ni "kila mwezi", nyota katika nafasi ya tarehe ni "kila tarehe".

Mambo yalikaa hivyo kwa miaka mingi. Aliyejua zile nafasi tano alikuwa fundi, na asiyejua alinunua saa ya mezani. Kisha ikaja ChatGPT mwishoni mwa Novemba 2022, na watu wakazoea kuuandikia mtambo kwa lugha ya kawaida. Mnamo Januari 2025 kampuni iliyoitengeneza, OpenAI, iliongeza uwezo wa kuupangia mtambo huo kazi za baadaye na za kurudiwa. Ilianza na wateja wanaolipa, na kila mmoja hakuruhusiwa kuwa na kazi zaidi ya 10 zinazoendelea kwa wakati mmoja. Gemini ya Google ikafuata mwezi Juni mwaka huo huo.

Sasa tega sikio hapa, maana ndipo penye kiini cha somo. Saa haikubadilika. Ndani ya mitambo hii bado mna saa ya kawaida inayofuata tarakimu, ndugu yake ile kroni. Kilichoongezwa ni mkalimani. Wewe unasema kwa maneno, mkalimani anageuza maneno yako kuwa tarakimu mara moja tu, siku ile unapoagiza. Baada ya hapo saa hufuata tarakimu. Maneno yako mazuri hayarudiwi kusomwa ili kuona kama wakati ulioandikwa ni ule uliokusudia. Na mkalimani huyu amejifunza lugha kwa kusomeshwa maandishi mengi mno, na mengi zaidi ni ya Kiingereza kuliko ya Kiswahili. Akiona "mbili", mkono wake huenda upesi kwenye 2. Mara nyingine atakumbuka hesabu yetu ya saa, mara nyingine atasahau, hata ndani ya sentensi moja, kama alivyomfanyia mamangu. Mtu akikosea kila mara utamzoea. Huyu wa kupatia na kukosea ndiye wa kuogopwa.

Muda ulioagiza ukifika, mtambo huamshwa, husoma sehemu ya kazi ("mkumbushe mama anywe dawa") kama barua ya mtu asiyekuwapo, huitekeleza, kisha basi. Kwamba hali imebadilika tangu ulipoandika, haujui, isipokuwa umeambiwa.

Saa zetu na siku zetu

Hapa sasa ndipo chama cha Kiswahili kinapoingia kwa miguu yote miwili.

Sisi huhesabu saa tangu macheo. Jua likichomoza, ikapita saa nzima, ndiyo saa moja. Hesabu hii ina akili kabisa kwa mtu anayeishi karibu na Ikweta. Nairobi, wakati wa jua kuchomoza haupishani kwa zaidi ya kama nusu saa mwaka mzima. Linganisha na London, ambako mwezi Juni jua huchomoza kabla ya 5:00, na mwishoni mwa Desemba huchomoza baada ya 8:00. Mtu wa London akihesabu saa tangu macheo, atakuwa na saa mpya kila juma! Wao huhesabu tangu usiku wa manane. Nasi tusione haya. Waethiopia nao huhesabu kama sisi.

Kanuni mnaijua: ongeza sita, au utoe sita. Saa moja asubuhi ni 7:00. Saa saba mchana ni 13:00. Saa kumi na mbili jioni ni 18:00, na saa mbili usiku, ile ya mama, ni 20:00. Ukiuandikia mtambo, andika kwa tarakimu za saa 24, tena uweke neno letu kando yake: "saa mbili usiku, yaani 20:00." Kuandika kwa tarakimu si kuisaliti lugha. Hata shule yetu ratiba ya vipindi imepigwa kwa tarakimu, ilhali midomoni mwetu tunasema saa nne ni wakati wa chai.

Na hizo tarakimu ni za wapi? Swali hili watu hulipita. Zamani redio ilikuwa ikitukumbusha kila mara: "kwa saa za Afrika Mashariki." Waliosema hivyo walijua walichokuwa wakisema. Sisi tuko mbele ya saa za Greenwich kwa saa tatu, na kompyuta nyingi zinazofanya kazi hizi huendeshwa kwa saa za Greenwich. Ile kengele ya 5:30, ikisomwa kwa saa hizo, huku kwetu italia saa mbili na nusu asubuhi, watu wamo darasani. Programu nzuri hukuuliza uko wapi; tafuta katika mipangilio yake uone imeandika nini. Katika orodha ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta nyingi, saa zetu zimeandikwa kwa jina la Africa/Nairobi, na Dar es Salaam, Kampala na Addis Ababa zimeelekezwa huko huko. (Jambo hili huwafurahisha sana wanafunzi wangu, sijui kwa nini. Labda ni kuona Nairobi ikitajwa mahali pasipo habari za siasa.) Aliye na dada Uingereza akumbuke pia kwamba wao husogeza saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, nasi hatusogezi. Kwa hiyo tofauti yetu nao huwa saa tatu majira ya baridi yao na saa mbili majira ya joto.

Tukija kwenye siku, mambo yanazidi kunoga. Kwetu Jumamosi ndiyo mosi, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo asili yake ya Kiarabu ni "ya tano" vile vile! Wiki yetu ina tano mbili zinazofuatana, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, nasi tunaishi nazo kwa amani. Lakini kroni huanza na Jumapili, ikaiita 0. Jumatatu ni 1. Jumatano, ambayo kwa jina ni ya tano, kwake ni 3. Basi ukiagiza "siku ya tatu ya wiki", utakuwa umemtupia mkalimani mfupa: achukue Jumatatu kwa jina lake, Jumanne kwa hesabu ya anayeanzia Jumapili, au Jumatano kwa hesabu ya anayeanzia Jumatatu? Taja jina la siku, usitaje namba yake.

Usiku nao una mtego. Kwa wazee wa Pwani siku mpya huingia jua linapotua. "Usiku wa Ijumaa" kwao ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kijana wa Nairobi atauita Alhamisi usiku. Ndiyo maana magazeti yetu huandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", msomaji asipotee. Iga mtindo huo. Na jihadhari na saa sita za usiku. Mwaka fulani tulitangaza kwamba mashindano ya insha yangefungwa "Jumapili saa sita usiku". Aliyepanga kompyuta akaandika Jumapili 0:00, na kwa kompyuta hiyo ndiyo dakika ya kwanza ya Jumapili. Washindani walioacha kazi yao hadi Jumapili mchana walikuta mlango umefungwa tangu usiku. Kelele mlizipiga nyinyi wenyewe, hamjasahau! Siku hizi tunaandika 23:59.

Tena kuna maneno ambayo sisi kwa sisi hutuchanganya, sembuse mtambo. "Kila siku mbili" na "kila baada ya siku mbili" si kitu kimoja. La kwanza linafanya kazi leo, kesho kutwa, na mtondogoo. La pili linaruka siku mbili nzima katikati. Mkimwagilia miche ya chama kwa agizo la pili, huku mkidhani ni la kwanza, mtaivuna mikavu. Na kwa kuwa nimegusa mtondogoo: kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo. Siku nne zina majina yake katika lugha hii. Sijathubutu kuujaribu mtambo kwa mtondogoo. Nahurumia hata baadhi yenu.

La mwisho katika sarufi ni kitenzi. Ukisema "Nikumbushe Alhamisi", umeagiza mara moja au kila Alhamisi? Dhamiri tegemezi peke yake haionyeshi kurudia. Mtambo aghalabu utafanya Alhamisi moja, kisha ukanyamaza, nawe utakaa ukingoja kama abiria wa basi lililokwisha pita. Sema, "Uwe ukinikumbusha kila Alhamisi." Ile "uwe uki-" inabeba desturi, na "kila" inaifunga. Mnakumbuka mlivyoninung'unikia tulipofundishana vitenzi visaidizi, eti havina kazi nje ya mtihani? Kazi yake ndiyo hiyo.

Agizo linalokosa mwisho

Nilirekebisha saa ya mama ikawa 20:00, na kwa miezi kadhaa mambo yakaenda sawa. Mwezi Agosti alikwenda kliniki. Daktari akaangalia, akambadilishia dawa, akamwambia sasa ni kidonge kimoja tu kila siku, asubuhi. Mama akashukuru, akarudi nyumbani. Usiku huo, saa mbili kamili, simu ikamwambia kwa adabu ile ile anywe dawa. Vidonge vya zamani vilikuwa bado vimo kwenye kopo. Akanywa. Alikunywa siku nne, hadi mpwa wangu alipokuja kumtembelea akaona.

Nilipomuuliza, akanijibu bila kinyongo: "Daktari alisema moja, simu ikasema mbili. Simu ni ya mwanangu. Daktari yule hata jina lake silijui."

Maneno hayo yamekaa nami. Mara hii mtambo haukukosea hata kidogo. Ulifanya sawasawa nilivyouagiza, na ndilo tatizo. Mtu ungemtuma angemwona mama ametoka kliniki na mfuko mpya wa dawa, akauliza, "Je, tuendelee vile vile?" Mtambo hauoni mfuko. Tena nilijifunza kwamba mwenye kupokea ukumbusho hausikii kama sauti ya mashine. Huusikia kama sauti ya aliyeuweka. Mama hakuitii simu. Alinitii mimi, nami sikuwapo.

Tangu hapo kila agizo langu lina mwisho. Sisemi "kila siku" nikanyamaza. Nasema "kila siku hadi tarehe 14, siku ya kliniki, kisha acha na uniulize mimi." Hata kwa mambo madogo. Ukumbusho wa kurudisha vitabu vya maktaba uishe muhula unapofungwa, la sivyo utasikika ukidai vitabu katikati ya Krismasi. Nami huwa ninataja na jambo la kufanya mambo yakiharibika. Kwa mfano, ukiagiza kila asubuhi ukusanyiwe utabiri wa mvua kutoka Idara ya Hali ya Hewa, ongeza: "Ukikosa taarifa ya leo, sema umekosa, usikisie wala usinipe ya jana." Mtambo wa aina hii umeumbwa kuendeleza maneno, na usipouambia kwamba kunyamaza kunaruhusiwa, huweza kuendeleza tu.

Hili tumeliona hapa hapa chamani. Katibu aliuagiza mtambo utuletee kila siku ya masomo, 6:30, methali moja na maana yake, tuibandike ubaoni. Wiki ya kwanza ilipendeza. Wiki ya pili ikaja methali yenye mizani safi, maneno matamu, maana ya kina, nayo ilibandikwa, ikanakiliwa, na mwanafunzi mmoja akaitia ndani ya insha yake. Nikaisoma mara tatu. Sikuwahi kuisikia. Nikampigia mama, ambaye hazina yake ya methali ni pana kuliko ya kamusi yangu. Akacheka hadi akakohoa. Mtambo ulikuwa umejitungia! Wala haukuwa na nia mbaya; ulitakiwa kuleta methali, ukaleta kitu kinachofanana na methali. Tulichofanya ni hiki: katibu na wenzake watatu walikaa Jumamosi mbili wakaandika methali 180 kutoka vitabu vya maktaba yetu, wakaupa mtambo orodha hiyo, wakaubadilishia agizo: uchague humo tu, kwa zamu, usiongeze yako. Ubao sasa unasomeka. Na wale wanne waliokaa kuandika ndio wanaozijua methali kuliko sote, jambo ambalo sidhani walilitarajia.

Kuna kazi ambazo nazikataa waziwazi, hata kama mtambo unaziweza. Usiupe majina ya wenzako pamoja na alama zao au habari za afya zao ili ukupangie orodha kila mwisho wa mwezi. Hizo ni habari za watu, na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data. Nambari ya siri ya M-Pesa hata usiitaje. Kuhusu insha ya kila juma, mtanisamehe, sitapoteza wino: mnajua ninachofikiri. Na mwanachama mmoja aliniuliza kama anaweza kuuagiza mtambo umtumie nyanyake shikamoo kila asubuhi. Nilimuuliza nyanya akijibu, "Marahaba mjukuu wangu, leo nimeamka na homa," nani atakayesoma. Akanyamaza, kisha akaniomba ruhusa ya kupiga simu ofisini.

Mimi nami nimegeuza mpango wangu. Mtambo haumkumbushi mama tena jambo lolote. Unanikumbusha mimi, kila siku 19:55, nimpigie simu. Dakika tano nampa za maandalizi ya kutafuta mtandao, maana kule milimani huwa taabu. Saa mbili kamili tunaongea, ananieleza ya mbuzi na ya majirani, kisha nauliza kama asubuhi alikunywa dawa. Siku simu yangu ilipoisha chaji na ukumbusho ukanipita, yeye ndiye aliyenipigia, akitaka kujua kama ninaumwa.

Zoezi

Fungua daftari, usifungue kompyuta kwanza. Geuza maagizo haya yawe ya kutiwa kwenye nafasi tano za kroni: mkutano wa chama kila Alhamisi saa kumi na nusu alasiri, kengele ya chai saa nne asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na kulipa ada ya chama kila tarehe mosi ya mwezi saa mbili asubuhi. Kisha tafuta utata ulio katika sentensi hizi, uziandike upya zisiwe na maana mbili: "Nikumbushe usiku wa Ijumaa niandae risala." "Mwagilia miche kila siku mbili mpaka Jumamosi." "Tuma tangazo kesho saa moja." Kwa hii ya mwisho kuna makosa matatu, anayeona mawili arudie kusoma.

Halafu andika agizo moja la kazi ya nyumbani kwenu, kazi ya kweli, lenye wakati, kazi yenyewe, mwisho wake, na la kufanya mambo yakiharibika. Mpe jirani yako alisome bila wewe kumweleza neno, naye akwambie atafanya nini na lini. Akikosea, usimlaumu, rekebisha agizo.

Majibu tutayajadili mkutano wa kwanza wa muhula ujao, Alhamisi, saa kumi na nusu alasiri, yaani 16:30 kwa saa za Afrika Mashariki, katika chumba kile kile kando ya maktaba. Mkutano huo ni mmoja tu, haurudiwi.